Asali, gundi ya nyuki na kidonda chenye bakteria sugu: jibu kwa msomaji wa Singida

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 61 na ana kisukari. Ana kidonda chini ya unyayo wa mguu wa kulia, sasa ni mwezi wa tatu. Amekwisha kumeza dawa za aina tatu bila nafuu. Hospitali walichukua usaha wakauotesha, wakatuambia ni bakteria sugu aitwaye MRSA, na wanataka alazwe apewe vankomaisini ya mshipani. Jirani yetu anayeuza mazao ya nyuki anatuambia tusikubali, kwa kuwa asali ya nyuki wadogo ikichanganywa na gundi ya nyuki inaua hata bakteria walioshinda dawa za hospitali. Anasema mama anywe vijiko viwili vikubwa kutwa mara tatu, na nyingine apakwe kidondani. Lita moja tumekwisha nunua. Je, anayosema ni kweli, na je, tunaweza kuziacha hizo dawa za mshipani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nitangulize lile lisilopaswa kusubiri maelezo: dawa ya mshipani msiikatae, na mama asinywe hiyo asali. Baada ya hapo naweza kukuambia kwa utulivu kwamba jirani yenu hakusema uongo mtupu. Asali inaua MRSA, jambo hilo limethibitishwa katika maabara nyingi za nchi mbalimbali, nami kama mfamasia niliyefanya kazi na vimelea kwa miaka mingi sina sababu ya kulificha. Alipokosea ni kwamba hakuuliza swali moja ambalo katika shauri hili ndilo linaloamua yote: bakteria hao wako wapi mwilini, na asali itawafikiaje huko waliko?

Kwanza tuone kwa nini asali inawaweza bakteria ambao penisilini haiwawezi. Bakteria sugu hajawa na nguvu ya kushinda kila kitu. Ameshinda jambo moja mahususi. MRSA, yaani Stafilokoka aureus sugu kwa methisilini, amebeba jeni iitwayo mecA, ambayo humwezesha kutengeneza protini ya kujengea ukuta wake ambayo penisilini na dawa nyingi za ukoo wake haziwezi kuishika. Ni kama mwenye nyumba aliyebadilisha kitasa, akawaacha waliokuwa na ufunguo wa zamani wakihangaika mlangoni. Asali haina shughuli na kitasa hicho, kwa kuwa haipiti mlangoni hapo.

Asali huua kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Takriban asilimia 80 yake ni sukari na asilimia 17 hadi 20 tu ni maji, na hayo maji machache yameshikwa na sukari kiasi kwamba bakteria hayapati, bali hunyonywa hata yale aliyokuja nayo. Tena asali ni chachu kuliko ulimi unavyotuambia: pH yake kwa kawaida huwa kati ya 3.2 na 4.5, hali ambayo bakteria wengi wa vidonda hawaipendi. Hata hivyo utamu na uchachu peke yake visingetosha, maana Stafilokoka ni mvumilivu mno wa mazingira makavu yenye chumvi au sukari, na majimaji ya kidonda yakishaizimua asali, nguvu ya sukari kwake hupungua upesi. Hapo ndipo inapoingia kazi ya nyuki mwenyewe. Kutoka katika tezi za kichwani mwake nyuki huongeza ndani ya asali kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho asali ikiwa nzito chupani huwa kama kimelala, lakini ikizimuliwa kidogo huamka na kuanza kutengeneza haidrojeni peroksaidi, ile ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, ila safari hii inatoka kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kwa hiyo majimaji yale yale yanayodhoofisha silaha ya kwanza ndiyo yanayoamsha ya pili.

Silaha hiyo ya pili nayo ina udhaifu wake. Moto na mwanga huiharibu, na damu na nyama zetu zina kimeng'enya kingine, katalesi, ambacho huvunja peroksaidi mara inapotokea. Ndiyo maana wanasayansi walishangazwa na asali ya manuka ya New Zealand, ambayo Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba inaendelea kuua hata baada ya peroksaidi yake yote kuondolewa. Mwaka 2008 watafiti wa Dresden, Ujerumani, na wengine wa New Zealand kwenyewe walitambua kiini cha nguvu hiyo kuwa ni methilglaioksali, ambayo hutokana na kemikali iliyomo katika nekta ya mmanuka wenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Amsterdam wakapata katika aina nyingine ya asali protini iitwayo defensini-1, ambayo nyuki huitengeneza kwa ajili ya kinga yake. Unaona basi kwamba neno "asali" halitaji dawa moja. Linataja vitu vingi vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa nguvu, kutegemea ua, nyuki na jinsi ilivyotunzwa.

Rose Cooper wa Cardiff, Wales, aliyefanya kazi na Molan, alionyesha kuwa asali ya manuka iliyozimuliwa hadi ikabaki chini ya asilimia 5 bado ilizuia Stafilokoka waliotoka vidondani, na chini ya asilimia 10 ilizuia Pseudomonasi, ambaye ni msumbufu mkubwa wa majeraha ya moto. Jitihada za makusudi za kuwazoesha bakteria asali maabara ili wawe sugu kwayo hazikufanikiwa, pengine kwa sababu wanapigwa kutoka pande nyingi kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mwaka 2013 watafiti wa Sydney waliichanganya asali ya manuka na rifampisini, dawa ambayo Stafilokoka huizoea haraka sana ikitumika peke yake, wakaona kwamba pamoja na asali usugu huo haukujitokeza. Nakuomba uzingatie namna jaribio hilo lilivyopangwa: asali iliwekwa pamoja na dawa, haikuwekwa badala yake.

Sasa turudi kwenye swali la mahali, nami nitafanya hesabu ambayo unaweza kuirudia mwenyewe. Chukua vijiko viwili vikubwa vya asali kuwa gramu 40. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Tuseme kwa muujiza asali yote imepita tumboni bila kusagwa na kuingia katika damu ilivyo. Ingekuwa chini ya asilimia 1 ya damu hiyo, na ikisambaa katika maji yote ya mwili, ambayo ni lita 40 hivi kwa mtu mzima wa wastani, ingebaki asilimia 0.1. Viwango hivyo vyote viko chini ya kile kilichohitajika maabara. Na muujiza wenyewe hautokei, kwa kuwa asali kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, ambazo utumbo huzifyonza kama sukari itokayo kwenye uji na ugali, na vimeng'enya vyake husagwa kama protini nyingine yoyote. Kinachofika kwenye damu ya mama yako ni sukari. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, akiwa hajala, ina glukosi ya takriban gramu 5. Gramu 40 za asali zina sukari gramu 32 hivi, na jirani yenu anataka ziingie mara tatu kwa siku katika mwili wa mgonjwa wa kisukari. Sukari ikipanda, chembe nyeupe za damu zinazopaswa kuwameza bakteria hao huzubaa. Kwa maneno mengine, asali ile ile inayowaua bakteria ikiwagusa, ikinywewa na mama itawasaidia.

Usidhani kwamba kanuni hii ya mahali naitumia kuionea asali. Vankomaisini yenyewe, dawa inayotegemewa mno dhidi ya MRSA, ikinywewa karibu yote hubaki ndani ya utumbo na haifiki mguuni hata kidogo; ndiyo maana madaktari wanataka kuipitisha kwenye mshipa, kwa dripu, tena polepole. Dawa ni ile ile, lakini njia mbaya huifanya kuwa si kitu.

Kidonda cha unyayo kwa mwenye kisukari nacho kina mambo yake. Wengi huona shimo dogo lenye kingo ngumu wakadhani tatizo lote liko pale linapoonekana, kumbe mara nyingi bakteria wameshashuka kwenye mishipa ya kano na hata kwenye mfupa, huku juu pakionekana pana nafuu. Mishipa ya fahamu imekufa ganzi, hivyo mgonjwa anaendelea kukikanyaga kidonda chake siku nzima bila kusikia maumivu, na mishipa ya damu iliyoziba hainyweshi nyama ile chakula cha kuijenga upya. Watu wa kwetu hukiita donda ndugu. Asali iliyopakwa juu yake inawafikia bakteria wa juu. Wa mfupani haiwafikii, na ganzi, uzito wa mwili na uhaba wa damu haviondoi.

Kwa vidonda vinavyofikika, ushahidi upo, na haulingani. Mwaka 2015 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, uliyapitia majaribio 26 ya asali yaliyohusisha watu wapatao 3,000. Kwa majeraha ya moto yasiyo na kina kirefu, asali iliyaponya mapema kwa siku 4 hadi 5 kuliko vifungio vya kawaida, na kwa vidonda vya upasuaji vilivyopata maambukizi ilifanya vizuri kuliko kuosha kwa dawa na kufunga gozi. Kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na udhaifu wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, haikuleta tofauti ya maana; jaribio kubwa la New Zealand, nchi ya manuka yenyewe, lililochapishwa mwaka 2008 likiwa na wagonjwa 368, lilimalizika bila kuonyesha kwamba wiki 12 za asali zinaponya wengi zaidi.

Na kwa mguu wa kisukari? Hapa lazima niwe wazi kuliko ninavyopenda, kwa sababu mimi mwenyewe ni mpenzi wa asali. Kundi la kimataifa linaloandaa miongozo ya mguu wa kisukari lilishauri mwaka 2023 kwamba asali na mazao mengine ya nyuki yasitumike kwa lengo la kuponyesha vidonda hivyo, kwa kuwa tafiti zilizopo ni dhaifu na hazitoshi kuegemea. Lipo pia jaribio lililofanyika Australia na New Zealand kwa wagonjwa 371 wa figo wanaosafishwa damu kwa njia ya tumbo, likachapishwa mwaka 2014. Kila siku asali ya tiba ilipakwa pale mpira unapotokea kwenye ngozi; haikuzidi utaratibu wa kawaida katika kuzuia maambukizi, na miongoni mwa wenye kisukari wale wa upande wa asali ndio walioambukizwa zaidi. Ingekuwa mama yako ameungua mkono kwa maji ya moto na hana kisukari, jibu langu lingekuwa jingine kabisa.

Halafu kuna hiyo lita mliyonunua. Sitilii shaka ubora wake kwa chakula, maana mkoa wenu unasifika kwa asali, lakini asali ya mezani haikuandaliwa kuwekwa kwenye nyama iliyo wazi. Hata ikiwa safi kiasi gani huweza kubeba mbegu za bakteria waliojikunja kusubiri hali nzuri, wakiwemo wa jamii ya Klostridiamu, ambao kidonda chenye kina na hewa haba kinaweza kuwafaa. Asali inayotumika hospitalini, kama ile iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 2007, hupitishwa kwenye mionzi ya gama, ambayo huua mbegu hizo bila kupunguza nguvu yake. Msijaribu kuiga hilo kwa kuichemsha, kwa kuwa moto wa jikoni utakiharibu kimeng'enya na mbegu zitabaki. Nimewahi kuona katika wodi moja bandeji ya mgonjwa aliyetibiwa nyumbani ikifunguliwa na kukutwa na sisimizi ndani yake. Mwenye kidonda alikuwa hana habari, kwa sababu ya ganzi ile ile niliyoitaja.

Najua jirani atakuonyesha ya kwamba asali yake haijachakachuliwa, kwa kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, au kwa kudondosha tone katika maji. Vipimo hivyo, vikiwa na la kusema, vinasema tu asali ina maji kiasi gani. Juu ya uwezo wa kuua bakteria havisemi lolote. Tena vinaionea asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo kwa asili ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, mara nyingi asilimia 25 na zaidi, na kwa hiyo hushindwa mtihani wa kiberiti ingawa ni halali. Asali hiyo ni chachu, huchacha upesi, na mwaka 2020 watafiti wa Queensland waligundua ndani yake sukari adimu iitwayo trehalulosi. Maabara inaonyesha kwamba inaweza kuzuia bakteria, lakini majaribio ya kweli kwa wagonjwa ni machache mno kuliko sifa inazopewa sokoni, na bei yake imepanda kwa sifa hizo.

Gundi ya nyuki, ambayo wengine huiita propolisi, ni utomvu wa miti ambao nyuki huukusanya kuzibia nyufa za mzinga na, nikitoka nje ya mada kidogo, kumfunika panya aliyefia ndani asiwaozee. Sehemu kubwa ya nguvu yake ni kemikali za miti ambayo nyuki wameitembelea, kwa hiyo gundi ya Ulaya inayotoka kwenye mipopla si gundi ya kijani ya Brazili, na hizo mbili si gundi ya misitu yetu ya miombo. Tafiti zilizofanywa kwa moja haziwezi kukabidhiwa nyingine. Kwa jumla huwaumiza zaidi bakteria wa kundi la Stafilokoka kuliko wale wenye utando wa pili wa nje kama Pseudomonasi na Klebsiela. Chupa nyingi zinazouzwa ni gundi iliyoyeyushwa katika alkoholi kali, na alkoholi yenyewe huua bakteria na kuunguza nyama changa, hivyo mtu akiona kidonda kimekauka hawezi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Kisha gundi hii ni chanzo kinachojulikana cha mzio wa ngozi, hasa kwa wenye vidonda vya muda mrefu. Kwa kidonda cha mama yako, siikubali.

Hukuuliza habari za sumu ya nyuki, ila nahisi utashauriwa hilo likifuata. Takriban nusu ya uzito mkavu wa sumu hiyo ni melitini, mnyororo wa asidi amino 26 unaotoboa kuta za bakteria, MRSA akiwemo. Kwa bahati mbaya hutoboa pia chembe nyekundu za damu zetu. Mwaka 2018 iliripotiwa habari ya mwanamke wa miaka 55 nchini Hispania aliyefariki baada ya tiba ya kudungwa na nyuki, naye alikuwa ameizoea kwa miaka miwili. Maziwa ya nyuki na chavua havina nafasi katika shauri hili.

Basi fanyeni hivi. Mama alazwe, na apewe vankomaisini kama ilivyopangwa, huku figo zake zikipimwa mara kwa mara, kwa sababu dawa hiyo huweza kuziumiza. Waulizeni madaktari kwa heshima kama mfupa umechunguzwa kwa picha ya eksirei, kama mapigo ya damu mguuni yamepimwa, na kama nyama iliyokufa itakatwa, kwa kuwa dawa haipenyi kwenye nyama isiyo na damu. Ulizeni pia namna ya kuondoa uzito kwenye unyayo huo, iwe kwa kiatu maalumu, plasta ngumu au magongo. Jambo hili hupuuzwa sana, na kwa maoni yangu dawa tatu za kwanza zilishindwa kwa sehemu kwa sababu mama alikuwa akitembea juu ya kidonda. Akipata homa au baridi kali, au wekundu ukitambaa kutoka kingo za kidonda, au kidole kikaanza kuwa cheusi, huo si wakati wa kusubiri tarehe ya kliniki. Mkiwa mmekwisha paka asali, semeni bila woga, na pale ambapo hospitali ina kifungio cha asali ya tiba na daktari akaona kinafaa juu ya kidonda kilichokwisha safishwa, wenye kuamua ni wao waliouona mguu.

Lita yenu msiitupe. Maabara inazungumza juu ya kidonda, lakini huenda nafasi kubwa ya asali dhidi ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa iko kwenye kikombe cha mtu mwenye kikohozi. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na usugu huo tunaulea kila tunapokwenda duka la dawa kununua amoksisilini kwa mafua na kikohozi, ambavyo mara nyingi huletwa na virusi na havisikii antibayotiki yoyote. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 uliitaja asali kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vya kujaribu kwa kikohozi cha muda mfupi kabla ya kufikiria dawa hizo, na mapitio ya tafiti 14 yaliyotoka Oxford mwaka 2020 yaliona kwamba inapunguza kukohoa kuliko huduma ya kawaida. Wajukuu wa mama wakikohoa usiku, wapeni kijiko kidogo kabla ya kulala, isipokuwa aliye chini ya umri wa mwaka mmoja, ambaye utumbo wake bado hauwezi kuzizuia zile mbegu za Klostridiamu nilizozitaja. Chupa ifungeni vizuri, muiweke mbali na jua na jiko, na ikianza kutoa povu na harufu ya pombe, imechacha.